Maneno ya Mama Mkubwa Niliyoyapunguza Njiani

Ofisi ya Kanisa,
Chumba cha Karani,
Alhamisi, 12 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Pacha, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za kazini. Pacha wenyewe wanaendeleaje? Mama anasema mmoja amemzidi mwenzake kimo na sasa anajiita kaka. Sisi huku tu wazima. Mama bado anakataa kubadilisha kitasa cha mlango wa nyuma. Anasema anajua mwenyewe namna ya kukibembeleza, na sisi wengine tunaendelea kuzungukia mbele.

Mama Mkubwa atafanyiwa upasuaji Jumatano ijayo. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba ule ugomvi wake na Mchungaji, uliokufanya upige simu ofisini kwa hasira, ulitokana na mimi. Nimeona niliandike hapa juu, kwa sababu najijua. Nikilisogeza chini, karatasi itaisha sijalisema.

Ningeweza kukupigia. Lakini kwenye simu nikisikia tu umevuta pumzi, naanza kurudi nyuma. Kwa hiyo nimemwomba mwanakwaya mmoja anayesafiri kesho kuja huko akufikishie mkononi.

Wewe ndiye uliyenitafutia kazi hii, kwa hiyo una haki ya kujua ninavyoifanya. Mbali na kupiga chapa matangazo na kupanga ratiba za ndoa na ubatizo, kazi yangu kubwa ni kupeleka maneno. Waumini wengi hawamwendei Mchungaji wenyewe. Wanasimama mlangoni kwangu, wanasema, "Karani, mfikishie Mchungaji," halafu wanamwaga yote yaliyo moyoni. Naye hujibu kupitia kwangu.

Karani aliyenitangulia, siku ananikabidhi funguo, alinipa onyo moja tu: Jumamosi usimpelekee habari ya kumvuruga, anaandaa mahubiri. Yeye aliwahi kumpelekea, akakaripiwa mbele ya wazee wa kanisa mpaka akasahau alichokuja kusema. Onyo hilo nililishika kuliko chochote nilichofundishwa chuoni. Nililishika hata siku ambazo si Jumamosi.

Nikajizoesha. Mtu akisema, "Mwambie vipaza sauti vya kwaya ni vibovu, na ahadi zake tumechoka nazo," mimi nafikisha, "Kwaya wanakumbuka kwa shukrani ahadi yako ya vipaza sauti." Wote walinisifu kwa adabu. Mchungaji alisema tangu nije ofisi imetulia. Nami nikadhani huko ndiko kuiweza kazi.

Sasa nije kwa Mama Mkubwa. Unajua alivyouongoza umoja wa akina mama, hata mapambo ya madhabahu hayasogezwi bila yeye kutazama. Jumapili moja Mchungaji alisimama akatangaza kwamba mama yetu huyu "anapumzika" uongozi kwa ajili ya afya yake, akamtaja atakayeshika nafasi. Hakuwa amemuuliza. Mama Mkubwa alikuwa ameketi safu ya pili, kitambaa cha umoja kikiwa begani. Watu wakapiga makofi. Naye akapiga makofi, Mjomba. Nilimwona.

Jumamosi iliyofuata alikuja ofisini. Nilimvutia kiti, akakitazama tu.

"Mfikishie mchungaji wako haya, na uyafikishe yalivyo," alisema. "Amenizika mbele ya watu kabla daktari hajanigusa. Nataka aje nyumbani aniambie usoni kwa nini hakuniuliza. Sitaki kwenda kulala kwenye kitanda cha hospitali na donge hili kooni."

Mlango wa Mchungaji ulikuwa wazi nusu, anajisomea mahubiri kwa sauti. Nikagonga. Alipoinua macho, nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Mama Mkubwa anashukuru kwa kumfikiria. Angependa siku moja mzungumze."

Mabega yake yakashuka. "Ashukuriwe Mungu. Nilihofia nimemkwaza. Mwambie kama kuna mahali nilikosea anisamehe, nitapita nikirudi kutoka mkutano wa wachungaji."

Hapo nilikuwa na njia ya kutokea. Lakini kama ningempelekea Mama Mkubwa ule msamaha, angeniuliza papo hapo, "Alifanyaje uliposema amenizika?" Na mimi ningejibu nini? Nikaenda nyumbani kwa Mama Mkubwa, nikamwambia kwamba Mchungaji ana shughuli nyingi, anamsalimu sana. Alikuwa uani anaanua nguo. Akabaki ameshika shuka, nusu iko kwenye kamba. "Ananisalimu," akasema. Akaivuta shuka, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani, na akatuonya kwamba mtu wa kanisa asimfuate hospitali.

Mchungaji aliporudi kutoka mkutanoni aliniuliza kama apite kwake. Nikamjibu kwamba Mama Mkubwa anahitaji kupumzika. Unaona nilivyokuwa nimefika mbali.

Kisha ukapiga simu wewe. Nilikuwa kando ya meza yake, na sauti yako ilisikika mpaka kwenye kabati la mafaili. Ulimwita mtu asiye na moyo, hukumpa nafasi ya kuuliza kwa nini. Ulipokata, alikaa na simu mkononi kama mtu aliyepewa kitu cha mwenzake amshikie. "Mjomba wako nimemkosea nini?" akaniuliza. Nikajibu labda umechoka na kazi. Nisamehe. Nilikutupia wewe mzigo uliokuwa wangu, na sikuona haya mpaka nilipofika nyumbani.

Wiki iliyopita tulikuwa na semina ya viongozi wa kanisa, habari ya kujijenga binafsi na namna ya kuzungumza na watu. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mfupi mwenye sauti nzito, haogopi vyeo. Alituketisha wawili wawili, magoti yanakaribia kugusana. Mmoja aseme jambo, mwenzake arudie alichosikia kabla ya kujibu. Hakuna kushauri, hakuna kunukuu maandiko.

Mjomba, ungecheka. Wazee wetu walishindwa vibaya. Mmoja alipewa zamu ya kusikiliza akaifunga kwa sala. Mweka hazina aliambiwa na mwenzake kwamba huwa anakatiza watu maneno, naye akamkatiza kukanusha. Mkufunzi akasema, "Baba, hapo umejibu wewe mwenyewe." Hata yeye mweka hazina akacheka.

Mimi nilipangwa pamoja na Mchungaji. Alisikiliza kwa bidii, ameinamisha kichwa, na akakiri mbele ya wote kwamba hajazoea, kwa kuwa yeye akisema watu huitikia amina. Halafu akanigeukia akauliza, "Niambie jambo ambalo hujawahi kuthubutu kuniambia."

Alikuwa anauliza kwa moyo wake wote. Nikamwambia chai ya ofisini huwa imepoa.

"Nimesikia kwamba chai ya ofisini huwa imepoa," akarudia, kama tulivyofundishwa. Siku iliyofuata akaleta chupa ya chai kutoka kwake, mpya, akaiweka juu ya meza yangu. Kila nilipojimiminia, niliiacha mpaka ikapoa.

Jumanne akaniita nimwandikie Mama Mkubwa kadi ya kumtakia heri ya upasuaji. "Andika wewe," akasema, "wewe unajua maneno." Nikarudi mezani, nikaandika "Tunakuombea," kalamu ikagoma hapo. Nikaingia tena chumbani kwake bila kugonga.

"Mchungaji, Mama Mkubwa hakushukuru."

"Hakushukuru nini?"

Nikamwambia. Nilitumia maneno ya Mama Mkubwa moja baada ya jingine, hata lile la kuzikwa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akaivua tena. Akasema, polepole, "Kwa hiyo amesema nimemzika mbele ya watu. Na aliniita niende nimwambie kwa nini."

"Ndiyo."

"Na mimi, ulimwambia nimesema nini?"

"Nilimwambia unamsalimu."

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitakavyomwambia Mama. Lakini alisimama tu, akachukua koti. "Twende," akasema.

Tukatembea mpaka kwenye duka la mshonaji. Hapo akauliza, "Unaniogopa?" Nikasema hapana, Mchungaji. Tukaenda mbele kidogo. Nikasema ndiyo. Nilimwona anameza mate, na nikaona nimemuumiza kuliko ulivyomuumiza wewe kwa simu.

Mama Mkubwa alikuwa anakunja kanga na kuzipanga kwenye begi la hospitali. Alipotuona mlangoni hakusema karibu, lakini alisogeza begi kupisha kiti. Nikaanza kueleza, nikakwama, nikaanza tena. Alinisikiliza hadi mwisho huku mikono yake ikiendelea kukunja.

"Kaa kule," akaniambia. "Leo usituongezee chumvi wala usitupunguzie. Tuna midomo."

Wakagombana, Mjomba. Sikuwahi kuona watu wazima wa kanisa wakigombana hivyo ana kwa ana. Mchungaji alifungua na mstari wa Biblia, akakatwa. "Usinihubirie. Nijibu. Kwa nini hukuniuliza?" Akasema hakutaka kumchosha. Akaambiwa hilo si jibu. Akasema kamati ilikuwa na haraka. Akaambiwa nalo si jibu. Mara mbili nilifungua mdomo kulainisha mambo, na mara mbili Mama Mkubwa alininyooshea kidole bila kugeuka.

Mwishowe Mchungaji akasema, "Sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa."

"Ulijua!"

"Nilijua. Na ningekosa la kukujibu."

Mama Mkubwa akaketi kitandani. Akasema hasira haijamwisha, ila sasa anajua inatoka wapi. Amekubali Mchungaji aje hospitali Jumatano asubuhi, kwa sharti kwamba akifika aulize kwanza kama mgonjwa anataka kuombewa. Uongozi amesema wasimwongeleshe habari zake mpaka apone. Mimi ameahidi kunishughulikia akitoka hospitali, na ninaomba usiku na mchana atoke anishughulikie.

Jana Mchungaji aliwaambia wazee wa kanisa kwamba alimkosea Mama Mkubwa kwa kutangaza bila kumuuliza. Jina langu hakulitaja. Nilikuwa pale naandika kumbukumbu za kikao. Angenitaja ningepumua. Leo nimemwomba ruhusa niwaambie wazee mwenyewe Jumapili baada ya ibada. Amesema sawa, na ameniambia pia kwamba ile amri ya Jumamosi imekwisha, nigonge siku yoyote. Nimeitikia. Sijui kama nitaweza, ila nimeitikia.

Maana nimejiuliza, Mjomba, maneno yale niliyapunguza kwa faida ya nani? Nilijiambia nawalinda wao wasiumizane. Lakini Mama Mkubwa aliumia, Mchungaji aliumia, wewe ukaumia huko uliko. Aliyelindwa alikuwa mimi peke yangu, nyuma ya meza yangu, nikisifiwa adabu.

Sasa ninalokuomba. Mpigie Mchungaji simu umwambie umejua ukweli. Usimtumie salamu kupitia kwangu. Na mimi uniambie unavyojisikia, hata kama ni kwa ukali ule ule. Nitasoma mpaka mwisho.

Msalimie sana Mama Pacha, umwambie sweta aliyonifumia ndiyo niliyovaa hapa ninapoandika. Wasalimie pacha, hasa yule anayejiita kaka. Mama anakusalimu, na jirani yetu fundi saa anauliza utarudi lini mmalizie mchezo wenu wa bao. Mungu akutunze, akushike mkono ukiwa njiani na ukiwa umeketi.

Kabla ya kufunga bahasha nilipita kwa Mama Mkubwa kumuuliza kama ana neno kwako. Alikuwa amemaliza kufunga begi, ameliweka mlangoni. Akasema, "Mwambie mdogo wangu aache kunigombea kwa simu. Aje. Mwambie naogopa." Nilikuwa naandika juu ya goti, akainama kutazama karatasi. "Na usije ukaandika naogopa kidogo. Andika nilivyosema."

Naogopa, amesema. Njoo kabla ya Jumatano.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na niliyekukosea,

Karani