Mimi Macho, Wewe Miguu

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama pia shikamoo. Natumaini mmeamka salama, goti la Mama limetulia na kuku hawajarudi kutagia ndani ya gari. Mimi hapa kwa Shangazi ni mzima wa afya, ila moyo hautulii. Barua hii anawaletea binamu, nimempa mkononi. Mama atakusomea kama kawaida, kwa kuwa miwani yako bado haijaonekana. Mama, soma taratibu na usiruke hata mstari.

Baba, nimefeli mtihani wa udereva. Usianze kumlaumu mwalimu, hana kosa.

Tulikuwa wengi kwenye benchi na karibu wote tulirudi mikono mitupu. Muuguzi aliyejifunza kwa bidii kuliko sisi sote aliachia klachi kwa pupa mlimani, gari likazima, akawasha, likazima tena, akashuka analia. Fundi bomba mmoja, ambaye kwa maneno yake anaendesha tangu hajaota ndevu, aliingia barabarani bila kuangalia kioo hata kimoja, na nadhani anabisha mpaka sasa. Makosa yao yanaeleweka. Langu lilimshangaza hata mtahini.

Nilianza vizuri. Mkanda, vioo, indiketa, gia zinaingia bila kelele. Mtahini, mama mmoja mkavu asiyejua kucheka, alikuwa ameanza kulegeza mabega. Tulipokaribia kivuko, mzee mmoja akashuka barabarani akikokota baiskeli. Nilimwona mapema kabisa. Nikasema kwa sauti kwamba kuna mzee kushoto, ana baiskeli, anavuka. Kisha nikakaa nikisubiri gari lisimame. Mguu wangu haukwenda popote. Mtahini ndiye aliyekanyaga breki ya upande wake, na yule mzee akatupigia boneti kofi, akaenda zake akitutukana.

Mtahini hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema wengi wanaofeli hawaoni, au wanaona wamechelewa; mimi niliona, nikatangaza, kama vile namwambia mtu mwingine asimamishe. Akaniuliza huwa namwambia nani.

Huwa nakuambia wewe, Baba. Kila asubuhi, gari limejaa watoto wa chekechea, Mama akidhani nakaa mbele ili niwafungulie mlango. Mtoto kulia, tuta mbele, lori limesimama. Mimi macho, wewe miguu. Muhula uliopita mtoto wa fundi cherehani alirudi mbele ya gari kuokota chupa yake ya maji, nikapiga kelele ndipo ukasimama, na bampa ikagusa begi lake mgongoni. Ulinisihi Mama asijue. Nilikubali, na tangu siku ile naogopa kila asubuhi. Nilikuja kujifunza ili nishike usukani kabla shule hazijafunguliwa, upumzike bila aibu. Nimeshindwa, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Jana kwenye simu ulicheka, ukasema utawabeba peke yako, njia unaijua hata ukifumba macho. Baada ya hapo sikuweza kula.

Ndiyo maana leo sikupiga. Simu ungepokea wewe, ungenibembeleza, nami ningelegea. Barua lazima aisome Mama.

Mama, nisamehe kwa kukujulisha hivi. Miwani haijapotea. Iko chini ya kiti cha dereva, Baba aliificha mwenyewe ilipoacha kumsaidia. Mpeleke kwa daktari wa macho, na uwaambie wazazi wa watoto watafute gari jingine kwa sasa.

Na wewe Baba, acha kupekua kabati. Funguo za gari, pamoja na ule wa akiba, ninazo mimi hapa, nilizibeba nilipokuja huku. Kasirika unavyotaka. Mwisho wa mwezi nitarudia mtihani, na nikifaulu utakaa kiti changu unielekeze njia.

Shangazi anawasalimu sana, anasema mjukuu wake ameanza kutambaa na nyumba haina amani. Wasalimieni majirani wote. Mama, ukifika mstari huu mshike Baba mkono kwanza, asinyanyuke kwenda nje peke yake.

Ni mimi binti yenu niwapendaye,
Konda