Kisukari cha Ngumbo

Mama,

Shikamoo. Najua ungenisema: mtoto mzima, kutwa kuhangaika na ukungu kwenye chupa, kumwandikia mama yake hana nafasi. Haya, nisamehe. Leo nimekuja na jibu lako.

Migomba yetu ilipoanza kunyauka uliniuliza, "Mbona inakufa ya kisukari tu, mizuzu inadunda?" Kisha ukanong'ona kwamba hapa kuna mkono wa mtu. Nikasema nitauliza kazini kwangu, kwa wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao. Hukunisubiri.

Ni hivi. Ulikuwa ukificha ufunguo wa nyumba chini ya kinu, na kijiji kizima cha Mapera kinajua! Kisukari nacho ndivyo kilivyo. Ule ukungu wa udongoni umerithi kwenye vinasaba vyake kujua ufunguo wa kisukari ulipo. Wa mzuzu haujui. Ukishaingia mizizini unaziba njia za maji, mgomba unakufa kwa kiu huku mvua inanyesha. Hakuna aliyekuroga, Mama. Laiti ungeondoka unajua hilo.

Huku mambo yamebadilika. Ushirika umelala, kahawa wanakuja kuchukua watu binafsi na mizani zao. Na Fidea wetu anaolewa. Wapi? Ngumbo, kwenu ziwani! Akataka chipukizi la shina lako la mwisho, kama wewe ulivyokuja nalo huku ukiwa bibi harusi. Majani yalikuwa bado mabichi, lakini nilikataa. Akalia, "Dada, unamzika Mama mara ya pili."

Jamani, iliniuma. Nikachukua panga lako, nikapasua mgomba mmoja wa shina hilo mbele yake. Ndani nyuzi za kahawia, toka chini hadi juu. Fidea akanishika mkono. Tuliling'oa shina wote wawili, tukalichoma, na nikalia kama siku tuliyokuzika.

Ila Ngumbo, nyuma ya nyumba ya Bibi, lile shina ulikokata chipukizi lako bado lipo, zima kabisa. Nimeagiza asipewe mtu mche kutoka huku kwetu, maana ugonjwa huu unasafiri na miche, hata na tope la kwenye viatu. Kwa hiyo Jumamosi binti yako ataenda kwa mume mikono mitupu. Usione aibu. Nakuahidi, wajukuu zako watakula kisukari chako.

Pumzika, Mama. Asubuhi hiyo nitamkalisha Fidea mlangoni nimwoshe miguu, mpaka katikati ya vidole, kama ulivyokuwa ukituosha wewe.

Mwanao,
Skola