Ngumi Kati ya Magoti

Jumatatu, 5 Machi 2012
Maziwa nusu lita, dagaa, jua la asubuhi. Kama kila siku. Binti yetu Furaha ana miaka mitatu na magoti yake hayakutani. Januari vidole vyangu vitatu vilipita katikati. Leo imepita ngumi. Zahanati ya hapa kambini Juru wanasema ni upungufu wa chakula tu. Chakula nanunua. Kinakwenda wapi?

Jumamosi, 10 Machi
Nimemwambia mke wangu usoni kwamba maziwa ya mtoto anawapelekea watoto wa kaka yake. Alijibu mara moja tu.
"Yote nilimupa mutoto. Sikupelekea mutu hata kikombe."
Sikumwamini. Nikamfukuza. Amekwenda kwa kaka yake na mimba ya miezi sita. Ameacha kigauni alichokuwa anashona. Anataka mdogo wa kike wa Furaha.

Alhamisi, 3 Mei
Wiki saba namnywesha mwenyewe. Kila kikombe, mpaka tone la mwisho. Ngumi inapita na nafasi inabaki. Naogopa. Ningekuwa mwanamume kweli ningemfuata mke wangu kwa kaka yake leo. Sikwenda.

Jumanne, 15 Mei
Mbarara, hospitali kubwa. Majibu ya damu na mkojo yametoka. Daktari alieleza polepole. Fosfeti ndiyo inayokaza mifupa. Mtu akiipata kidogo kwenye chakula, figo huidaka na kuirudisha kwenye damu. Mifupa ya Furaha inatoa homoni kupita kiasi, na homoni hiyo inaziamuru figo ziiachie. Basi. Fosfeti ya maziwa yale yote, ya dagaa wale wote, imeishia kwenye mkojo.
Dawa ni fosfeti yenyewe, mara nne au tano kwa siku, miaka na miaka, pamoja na vitamini D ya aina yake. Hapa hawana. Hajui lini itapatikana.
Kisha akanitazama nilivyosimama.
"Mzee, pandisha suruali."
Nikapandisha. Maisha yangu yote nimesema miguu hii ilipindwa na mizigo niliyobeba kwetu Uvira, Kongo.
"Hii imetoka kwako. Wasichana wako wote watapata. Wavulana, hapana."

Jumapili, 20 Mei
Nimemfuata mke wangu kwa kaka yake, Furaha mgongoni. Nilisema yote, suruali nimeikunja. Nilisema nilimsingizia. Hakulia. Afadhali angenitukana.
Akauliza kuhusu wa tumboni. Nikamwambia, akiwa wa kiume ni salama.
Nilikuwa nimembebea kigauni. Akakipokea, akakikunja mara nne, akakiweka chini kabisa ya begi. Halafu akachukua kikombe, akamnywesha Furaha maziwa.