Jiwe la Mulimba Haling'olewi

Ghorofa ya saba, Albert Park,
Durban, Afrika Kusini.
Jumapili, 21 Machi 1999.

Mpendwa mdogo wangu Méthode,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Wewe hujambo? Wifi Rhiannon hajambo? Na Ladislas mdogo, meno yameota? Natumaini baridi ya huko imewaachilia kidogo. Sisi tunaamka, Mungu asifiwe. Miguu ya Mama inavimba kwa sababu ya ngazi, lifti ya hapa ilikufa Krismasi na hakuna aliyekuja kuifufua. Mume wangu Jacques bado analinda magari ya watu kule ufukweni. Mimi bado nasuka nywele kwa Ghislaine, yule Mrundi mwenye saluni. Binti yetu Deborah siku hizi anagombana nami kwa Kizulu, eish, hata sijui ananitukana au la.

Haya, salamu zimekwisha. Sasa kaa chini unisikilize.

Barua yako ndefu imefika Jumatano. Unajua kwetu barua ya ng'ambo haisomwi kwa kujificha. Nilimketisha Mama, Ghislaine akapanda na maandazi, nikaanza kusoma kwa sauti. Na nisikufiche, mwanzoni tulifurahi sana. Tukaliona kanisa la huko kijijini kwenu Llanerchwen lenye miaka mia saba, na ule mti wa makaburini ambao wanasema ni mzee kuliko kanisa lenyewe. Tukaliona daraja ambalo eti shetani alilijenga usiku mmoja. Tukakiona kisima ambamo wasichana wa zamani walitupia pini ili wapate mabwana, Ghislaine akataka kujua kama pini bado zinafanya kazi. Tukayaona machimbo ya mawe yaliyofungwa, mlima umekatwa kama mkate. Mama alisema mwanawe amefikia mahali pa watu wanaojua walikotoka.

Nikageuza ukurasa, na mdomo wangu ukatangulia macho.

Nikasoma, mbele ya Mama, kwamba watu wa Llanerchwen wanatengeneza nyumba ya makumbusho ya kijiji chao. Kwamba wanataka kumkumbuka Bwana Ifani, mzaliwa wa hapo, aliyeleta injili kwetu Mulimba akafia kwetu. Kwamba wanalitaka jiwe la kaburi lake, lile jiwe bapa jeusi lenye maandishi ambayo utotoni hatukuweza kuyasoma, kwa sababu lilichongwa kwenye machimbo yao. Na kwamba wewe, Méthode, ulisimama mbele ya komite yao ukawaahidi. Wakakupigia makofi. Wakati wa kiangazi mfanyabiashara fulani atavuka ziwa, apande Mulimba, aling'oe na kuliteremsha. Mimi nikuchoree njia tu, na alama za kumfikisha.

Mama alisimama, akazima jiko, maharage nusu mabichi, akaingia chumbani. Hakula siku hiyo. Ghislaine alifunga maandazi yake akaondoka bila kuaga, na Ghislaine unamjua kwa simulizi zangu, si mtu wa kukosa neno.

Méthode, una wazimu? Nani amekupa ruhusa? Ulimwuliza nani, mimi au Mama? Umechukua mbuzi wa ukoo ukamtoa sadaka kwenye karamu ya jirani ili usifiwe. Makofi ya wazungu wachache kwenye ukumbi wenye joto yamekulevya kuliko pombe ya ndizi. Mkataa kwao ni mtumwa, na wewe umekataa kwa tabasamu.

Kwa kuwa sasa umekuwa mwalimu wa historia, chukua na hii uwapelekee. Umeniandikia kwamba jiwe lile lilitumwa Kongo. Lilitumwa! Kana kwamba liliteremka melini likapanda mlima lenyewe likiimba tenzi. Babu yetu alikuwa mmoja wa wanaume waliolibeba kwa miti kutoka ziwani mpaka Mulimba, mvua ikiwanyeshea. Ile nundu ya begani kwake, ambayo wewe na mimi tulikuwa tukiigusa huku tukicheka, ilitoka kwenye jiwe hilo. Je, nundu hiyo imo kwenye historia ya komite yako?

Lakini si kwa ajili ya nundu ya Babu nimekasirika hivi.

Vita vilipofika Mulimba mwaka wa tisini na sita, nilikupigia simu nikakwambia Papa amepigwa risasi na tumemzika. Ulilia, nilikusikia. Tangu siku ile umeniuliza habari za bahari ya Durban, za Wazulu, za bei ya nyama, za shule ya Deborah. Hujaniuliza hata siku moja tulimzika wapi. Nilingoja. Kila simu nilisema moyoni, leo ataniuliza. Nimechoka kungoja, nakuambia bila kuulizwa.

Papa amelala kando ya jiwe lile, miguuni pa Bwana Ifani.

Siku zile watu walikuwa wakificha mali yao ardhini, cherehani, nguo, masufuria, wanafukia na kuweka msalaba juu ili paonekane kaburi. Askari wakagundua. Basi wakawa wanafukua kila kaburi jipya wanaloliona, na wakikuta mtu badala ya mali, wanamwacha hapo hapo juani. Mama alikataa msalaba. Alikataa hata tuta. Tulichimba pale mimi, Mama na jirani yetu Nduwimana, tukamlaza Papa ndani ya kitenge cha Mama, kisha tukakanyaga udongo kwa miguu yetu wenyewe mpaka ukalala sawa. Juu ya Papa, Méthode. Nilimkanyaga baba yangu ili asifukuliwe. Halafu tukapandikiza majani. Mama alisema nyumba watachoma, miti watakata, lakini jiwe la mzungu wa zamani litawafaa nini?

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi uliopita amefika hapa Ezéchiel, yule kijana wa mwalimu wetu wa darasa la tatu. Mama hakumpa hata nafasi ya kuketi. Swali lake ni lile lile analomwuliza kila mtu anayetoka upande wetu: jiwe iko? Ezéchiel akamwambia shule haina paa, mikaratusi yote imekwisha kwa makaa, daraja la magogo limechukuliwa na maji, kuta za kanisa zinamfika mtu kiunoni. Lakini jiwe iko, Mama, majani tu yamelificha. Mama alilala vizuri usiku ule.

Unataka nikuchoree alama za kufika kwenye jiwe? Alama gani zimebaki? Jiwe lenyewe ndiyo alama iliyobaki. Likiondoka, Mama atarudi Mulimba siku moja azunguke kwenye majani kama kipofu, asijue apige magoti wapi. Sichori. Hata ukinitumia karatasi na kalamu.

Na hao watu wako! Umeniandikia mwenyewe kwamba mapaa yao ni mawe, uzio mawe, hata mabanda ya nguruwe ni mawe. Mlima mzima wanao, wanataka jiwe letu moja.

Sasa fanya hivi. Mwandikie huyo mfanyabiashara leo, si kesho, umwambie asivuke. Kisha simama mbele ya komite ile ile, ukumbi ule ule, uwaambie kwamba uliahidi kisicho chako, na uwaambie ni nani amelala pale. Wasipokupigia makofi, vumilia. Kama makumbusho yao yanakosa kitu, waweke barua hii. Halafu mtafute mchongaji mmoja wa huko akukatie jiwe dogo, aandike Ladislas. Amani ikirudi utalipandisha Mulimba wewe mwenyewe, begani, kama Babu.

Msalimie sana wifi Rhiannon, yeye hana kosa. Mbusu Ladislas mdogo. Uliyempa jina la Papa lazima siku moja umwonyeshe Papa alipo. Jacques anakusalimu, Deborah anakusalimu, Ghislaine amesema hakusalimu mpaka asikie jibu. Mungu akulinde na baridi, na akulinde na sifa za watu.

Nilimwuliza Mama kama ana neno la kuongeza hapa mwishoni. Akasema nikuulize tu: jiwe iko?

Dada yako anayekupenda, na hasira yake ni ya upendo huo huo,

Agathe