Zuwena Aliandika 1000, Mimi Nikaongeza Sita

Mama Mageni mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijampoteza mtu, maana mchumba wangu Zuwena amenyamaza wiki mbili sasa, kosa ni langu, na hakuna anayejua ila mimi na sasa wewe.

Mimi ni karani katika ofisi ya mgodi huku Songwa na kazi yangu ni tarehe na saa tu. Manyapara wanaleta vikaratasi vya zamu, huyu kaandika "Jumatatu saa moja asubuhi", yule kaandika "tarehe tatu Machi, saa nane mchana", mimi nageuza yote yawe namba, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na saa za mchana naziongeza sita, kwa sababu karatasi zinapelekwa Dar es Salaam kulishwa kompyuta na kompyuta haijui asubuhi wala jioni, basi saa moja asubuhi inakuwa 0700, saa nane mchana 1400, na kwa miaka mitatu sijarudishiwa karatasi hata moja, mpaka imekuwa nikiona saa popote mkono wenyewe unaongeza sita.

Zuwena yuko kwao Kalangalala, Geita. Baba yake, Mzee Abdu mwenye duka la vitambaa, alipokubali kuwapokea washenga wangu, Zuwena akaniandikia siku na saa: 781008, 1000. Mimi kuona saa, wala sikufikiri, nikaongeza sita nikapata 1600, nikamwambia mjomba Ngassa na wazee wenzake kwamba ni Jumapili, saa kumi alasiri.

Wakafika Jumamosi wakalala nyumba ya wageni, na Jumapili asubuhi wakakaa barazani wanakunywa chai na maandazi, huku kwa Mzee Abdu watu wameshavaa, pilau imeiva tangu saa nne, macho yote njiani, halafu kaka yake Zuwena akapita na baiskeli akawaona wanacheka! Saa kumi ndipo wakabisha hodi, mjomba na leso yake yenye barua ya posa, akasalimia Kisukuma, "Mwadila," na Mzee Abdu akamjibu kwamba salamu ya jioni haihitaji, yeye alikuwa anasubiri ya asubuhi. Mjomba kwa aibu akasema binti yenu ndiye aliyeandika saa kumi. Zuwena akagombezwa mbele ya watu, na posa ikarudi Songwa haijafunguliwa.

Mjomba aliponisimulia nikaitoa barua ya Zuwena, nikaigeuza nyuma, sikuwa nimeigeuza, Mama, nikakuta ameandika: "Mpenzi, nimeshakugeuzia saa kama inavyotaka mashine yenu, leo usijisumbue." Kumbe 1000 yake ilikuwa saa nne asubuhi. Nililia. Lakini nikisema, mjomba ataonekana amemsingizia mtoto wa watu, na Mzee Abdu atauliza huyu hata saa hajui, mke atamweza? Je, niseme, au niache yapoe yenyewe nitume posa nyingine?

Shaaban, Songwa
781023

MAMA MAGENI ANAJIBU

Marahaba, Shaaban mwanangu. Hiyo namba uliyoweka chini ya jina lako, mhariri alidhani ni sanduku lako la posta. Tuendelee.

Yapoe yenyewe? Ebo! Yatapoaje wakati binti wa watu anaamka kila siku katika nyumba inayoamini ameharibu posa yake kwa mkono wake? Unamhurumia mjomba, unajihurumia na wewe, Zuwena umemwachia nani? Mjomba wako hakumsingizia mtu. Alisema ulichomwambia. Mwongo hapa ni ukimya wako, na una wiki mbili sasa.

Ila kuna jambo limenigusa, siwezi kulificha. Msichana amekaa Kalangalala akajifunza hesabu ya ofisi yako, mwaka kwanza, saa kwa namna ya mashine, ili wewe upumzike japo siku moja. Kuna nyapara aliyewahi kukufanyia hivyo? Unapendwa, mjinga wee! Na barua ya mchumba haisomwi kama kikaratasi cha zamu. Inasomwa mbele, inasomwa nyuma, na bahasha yake inanuswa.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwa mjomba, umwambie yote, naye atakufokea, vumilia. Omba ruhusa kazini uende Geita mwenyewe. Najua desturi mwoaji haendi kujisemea, lakini huendi kuposa, unakwenda kusafisha jina la mtu. Waombe wawepo walewale waliomsikia akigombezwa. Simama, usikae mpaka uambiwe, useme: "Zuwena aliandika sawa, niliyekosea ni mimi." Usianze kueleza kompyuta, Mzee Abdu anauza vitambaa, hana haja ya darasa. Mpe tu ile barua, aisome mbele na nyuma. Akiona jinsi bintiye alivyokufikiria, mwenyewe atajua nani wa kumwomba msamaha. Posa ya mjomba ifuate baadaye, wakikaribishwa.

Lakini kabla ya hayo yote mwandikie Zuwena usiku huu, kwa maneno, bila namba hata moja: nisamehe, nakuja Jumapili ijayo, saa nne asubuhi.

Na ufike saa nne asubuhi, baba. Usiongeze kitu.