Gazeti Yenye Tata Alichagua

Kolwezi, tarehe 14 ya mwezi wa kumi na moja, 1976

Kwa Yaya yangu, dada mukubwa mupendwa Tshibola, ku Tenke,

Yaya, napiga magoti mbele yako na salamu mingi. Mbele ya yote nauliza habari ya nyumba. Bwana yako, ule mukono yenye ilivunjika ku kazi ya reli imepata nguvu? Batoto balirudia masomo? Na Mama, tangu alifika kwenu anakula, ao anazungusha tu bukari mu sahani kama vile alikuwa anafanya huku? Mi mwili ni muzima, namushukuru Mungu. Mvua ilianza mapema mwaka huu. Ku mutaa yetu ya Manika barabara yote ni matope, na sabuni imekuwa bei ya dawa. Batu ya kanisa banawasalimia, zaidi sana Tata Omer wa kwaya, anasema tangu Tata mwenye kutuzaa alituachaka sauti ya chini imebakia na shimo.

Barua yako yenye ulimupatia Kabeya wa treni ilinifikia. Unaomba nikutumie ile gazeti ya Bruxelles, juu tarehe 12 ya mwezi wenye kukuya, siku ya kumaliza kilio ya Tata, pasta aifungue mbele ya batu bote, na bwana yako mwenye anajua Kifaransa aonyeshe fasi yenye jina ya Tata iliandikwa. Yaya, najua umengojea majibu wiki tatu, na pengine ulisema huyu Louis amekuwa mutu ya majivuno. Haiko majivuno. Ni woga. Ikala chini, tafazali, na usome hii barua peke yako kwanza.

Unajua kazi ya Tata ku atelie ya kutengeneza mashini ya mugodi, lakini ile habari ya kamba uliisikia paka nusu tu. Kisha njia ya reli ya Angola kufungwa mwaka jana, bitu ya kutoka Ulaya bilikauka. Sasa zile pompe zenye kutoa maji mu shimo ya mugodi, kuna kamba nene ya kusuka yenye inafungwa pa chuma yenye kuzunguka, ili maji isitoke fasi haipashwe kutoka. Ile kamba iliisha. Mvua ikapiga, maji ikaanza kupanda mu shimo, bakubwa bakaandika barua na telex, mingi kabisa, na telex haizibe maji. Tata yeye alienda fasi banatupa mikaba mizee, ile mikubwa ya kubeba mawe, akatoa nyuzi ya pamba ndani yake, akaisuka mafungu ine, sawasawa vile Mama alikuwa anakusuka nywele siku ya posho. Akaipika mu mafuta ya ngombe na unga mweusi ya makaa ya moteri. Ya kwanza iliungua. Ya pili ilitema maji kama mutoto mwenye anakatala dawa. Ya tatu ilikamata tangu mwezi wa kwanza mpaka mvua ilikwisha, pompe haikusimama hata siku moja. Batu ya atelie baliiita Nywele ya Tshibola. Hata leo banaiita bile, kama hakuna mutu alikuambiaka.

Enjenyere Kalenga, mukubwa ya biro yetu, alifurahi mpaka akaniita mi, juu niko muchoraji wa plan mu biro yake na tena mutoto ya Tata. Alisema kazi kama ile ikibakia mu atelie itapotea, niiandike yote, halafu nichague gazeti ya kuipeleka. Gazeti zilikuwa tatu. Kulikuwa ile ya Lubumbashi yenye kutoka kila siku. Kulikuwa ile ya bafanyakazi, yenye banagawa bure mu kambi, mbele Kifaransa, nyuma Kiswahili. Na kulikuwa ile ya ba-enjenyere, ya Bruxelles kule Ubelgiji, karatasi yake inangaa kama mafuta.

Nilimuuliza Tata siku ya Mungu moja, mbele ya kanisa, alikuwa ananyoa ndevu. Hakufikiri hata kidogo. Alisema ya bafanyakazi, tena ku upande wa Kiswahili. Alisema Omer ataisoma, Mama ataisoma, na yeye mwenyewe ataisoma bila kuomba mutu amukopeshe macho. Alicheka, halafu ile kikohozi ikamukamata, unaijua. Ilipomuacha, akaniambia ya kama miaka makumi tatu na moja jina yake iliandikwa paka ku liste ya batu benye balikuya kazi, benye hawakukuya, na benye bako bagonjwa. Alitaka mara moja tu iandikwe juu ya kitu yenye mikono yake ilifanya, mbele hajafa. Hayo njo maneno yake, Yaya, siongeze na sipunguze.

Na mi? Aka! Nilimuitikia ndiyo Tata, na mu roho nikamucheka. Gazeti yenye bamama ya soko banafungia karanga! Nilikuwa nafikiri Liège, ile masomo ya juu ya Ubelgiji yenye nililia nayo tangu nilitoka shule. Enjenyere Kalenga alishanielezea ya kama kijana mwenye jina yake imetokea mu gazeti ya Bruxelles, kule banamufungulia mulango. Nilituma Bruxelles. Balinijibu kwamba wataipokea, lakini banaandika paka habari yenye haijatokea fasi ingine yoyote.

Unamukumbuka Séraphin, mwenye kuandika gazeti ya bafanyakazi, ule mufupi wa Kamina? Alikuya ku biro mwezi wa tano na mashini yake ya picha. Alikuwa ameshasikia Nywele ya Tshibola mu midomo ya batu. Nilimuambia Tata hataki kupigwa picha. Alirudia mwezi wa sita, akaniomba basi hata maneno tu, bila picha. Nilimuambia Tata amekatala kabisa, anasema batu batamuonea wivu na kumuloga. Niliweka bulozi mu kinywa ya Tata, Yaya, yeye mwenye alitukataza hata kutaja ile neno mu nyumba! Séraphin ni mutu ya heshima, hakusukuma. Mu ile namba ya gazeti alitia habari ya mechi ya kabumbu. Tata akangojea. Kila gazeti ilipotoka, aliikopa kwa Omer, akafungua nyuma, akaikunja tena, akamurudishia.

Mwezi wa saba Bruxelles baliandika tena. Balisema andiko yangu ni murefu, nikate mistari kumi na mbili. Kulikuwa tablo yangu ya hesabu, nguvu ya maji na mizunguko ya pompe, mi mwenyewe niliitengeneza, nilikuwa naipenda kama mutu anapenda suti yake ya ndoa. Na kulikuwa mistari kumi na mbili yenye ilieleza Tata Badibanga ni nani, alizaliwa Kasai wapi, alisuka namna gani, alifikiri nini. Nilikamata kalamu yangu. Nilibakisha tablo, nikamukata Tata. Hakuna mutu alinituma. Mu gazeti ile, juu kabisa, kuko jina ya Enjenyere Kalenga na ya mi. Fasi ya Tata baliandika fundi moja wa atelie. Basi.

Njo sababu sikukutumia. Njo sababu kisha maziko nilisema mi njo nitaichunga. Pasta angeifungua mbele ya batu na bwana yako angetafuta jina mpaka jua izame.

Sasa sikia yenye nakuomba, maana hii barua haiko ya kulia tu. Wiki iliyopita nilienda kwa Séraphin. Nilimuambia niko tayari kuandika habari ya Tata kwa Kiswahili, yote, tangu mukaba muzee mpaka mafuta ya ngombe. Alifungua gazeti yake. Mu namba ya mwezi wa kumi alishatia jina ya Tata, ku upande wa Kiswahili, mu liste ya bafu, batu benye balikufa: Badibanga, fundi, miaka 31 ya kazi. Mistari mbili. Aliniambia hawezi kupita juu ya neno ya marehemu. Kama Tata alikatala, amekatala. Nilimuambia nilisema uongo. Akajibu, na alikuwa na haki, ya kama jana nilikuwa na ulimi ingine na leo niko na ingine, yeye atajua namna gani ni ulimi ipi ya kweli? Anataka barua ya Mama, na jina ya Mama chini, yenye kusema Tata hakukatala hata siku moja. Na Mama hawezi kuandika hiyo bila kujua kwa nini anaulizwa. Njia ya muongo ni mufupi, Yaya, na yangu imefika pa mulango ya Mama. Weye njo utamuambia, ao unaniita nikuye kumuambia mi mwenyewe. Ile siku ya Tenke ikipita bila jina, itakuwa ni juu yangu, na umuambie kila mutu bile.

Kumebakia neno moja, na kama siiandike sasa sitaiandika tena. Mama alikuelezea ile siku nilimuletea Tata gazeti, wiki mbili mbele ya kifo. Alikuwa ameketi pa kitanda. Mama aliona namna alifurahi, lakini Mama alikuwa pa mulango, hakuona karatasi. Tata alivaa miwani yake, akaniomba nimuonyeshe fasi. Yaya, ningeanguka pale pale na kusema. Nilizunguka mu ile ukurasa, nikaona neno kubwa yenye kuanza na B, nikaweka kidole. Ilikuwa Bruxelles. Nilimuambia, Tata, hii hapa.

Aliangalia kidole yangu wakati murefu. Halafu alisema ndiyo, ameiona, na balimuandika muzuri. Alifunga gazeti, akaiweka chini ya muto ya kulalia. Na tangu ile siku kila mutu alikuya kumuangalia alimuambia jina yake imefika Ulaya, mutoto yake njo aliifikisha, lakini hakumuachia mutu hata moja aifungue, alisema mikono yabo ni michafu. Mi nilimuita mukali. Nilicheka, mi mujinga!

Yaya, Tata hakujua Kifaransa, lakini alisoma zaburi nzima mu kanisa miaka kumi na nane. Mi na weye, njo yeye alitufundisha herufi.

Umusalimie Mama na magoti yangu yote mbili. Umusalimie bwana yako, na batoto mumoja mumoja kwa jina. Gazeti nimeitia mu hii bahasha, Kabeya ataileta mukononi, ufanye nayo yenye unaona. Nangojea neno yako, hata ikiwa ya kali.

Mi ndugu yako mudogo,

Louis Kanku wa Badibanga