Stika za Diski Sita

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa kitengo kaja chumba cha seva na kikombe cha chai mkononi — chai, ndani ya chumba cha seva! Kachungulia taa, kasema zote kijani, hospitali iko salama. Huyoo, kaondoka. Ndiyo kazi yake ya siku. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu bwana ana kipara.

Shangazi kapigwa picha za kichwa leo. Uvimbe upo. Daktari wa upasuaji kampangia Ijumaa. Picha zote za wagonjwa zinakaa kwenye seva yangu, kwa hiyo nikazifungua. Nikazifunga haraka. Yeye ndiye aliyenilea. Naogopa. Basi, nimeshaandika.

Jumanne, 5 Machi

Seva inasuasua tangu asubuhi. Mkuu kaendesha programu ya kupima diski, ikamjibu "nzima", kanitumia jibu lenyewe na kidole gumba juu. Mjinga! Linux, mfumo unaoendesha seva, haizioni diski zenyewe. Inaona kitu kimoja kikubwa, kile inachoonyeshwa na kadi ya RAID, inayoziunganisha diski zote ziwe kama moja, na diski sita zimejificha nyuma ya hiyo kadi. Ni kama kumuuliza mlinzi wa getini wagonjwa wa wodini wamelalaje. Lazima uipite kadi, uite kila diski kwa namba: sifuri, moja, mbili, mpaka tano.

Nikaziita. Tano ziko vizuri. Namba mbili inakufa — sekta mbovu kibao, vipande visivyosomeka tena, na zinaongezeka huku natazama. Hizi sita zinabebana. Ikifa moja, zilizobaki zinashika mzigo. Zikifa mbili, kwaheri picha zote.

Nakala za akiba? Zimesimama tangu Januari. Diski ya nakala imejaa, na Mkuu "analishughulikia". Lo!

Nimeagiza diski mpya.

Jumatano, 6 Machi

Fundi mwenzangu, ninayepokezana naye zamu, namwita Mama Stika. Anabandika stika kila kitu, hata birika. Leo nimekuta kabandika na kwenye diski zangu, vijikaratasi vyenye herufi na namba za ajabuajabu. Nimevibandua vyote, nikavitupa. Nikamwambia hapa si chekechea. Kaanza kunieleza sijui nini kuhusu mpangilio. Nikasema baadaye, dada, nina kazi. Kasema haya, kazi njema.

Mchana mashine ya kupiga picha imeharibika. Fundi wake hafiki mpaka wiki ijayo. Daktari kanipigia: picha za shangazi yako zipo? Nikamwambia zipo, daktari, ziko kwangu.

Jioni nimepita wodini. Nimemsimulia shangazi kipara cha Mkuu na birika lenye stika, kacheka mpaka muuguzi kaja kutunyamazisha. Halafu kanishika mkono. Mdharau mwiba, mguu huota tende, mwanangu. Kila siku methali! Hata kitandani!

Alhamisi, 7 Machi

Diski mpya imefika. Mama Stika kaileta mwenyewe. Kasema nakili kwanza picha za wagonjwa wa kesho, ndipo uchomoe. Maneno mengi! Nikamwambia mbona jambo dogo: unachomoa mbovu, unachomeka mpya, seva haikohoi. Kaenda zake.

Sifuri, moja, mbili. Ya tatu kutoka kushoto. Nikachomoa.

Kadi ikapiga kelele. Sawa, ndivyo inavyotakiwa. Nikaigeuza diski nisome namba yake ya kiwandani, kwa mazoea tu.

Siyo yenyewe.

Nimesoma tena. Nimelinganisha na skrini. Siyo! Nimechomoa nzima, na ile inayokufa bado imo ndani, imebeba mzigo na wenzake. Kadi haihesabu kutoka kushoto. Waliofunga hii seva kabla sijaja walichomeka wanavyojua wao. Na zile stika — herufi na namba za ajabuajabu — zilikuwa namba za kiwandani, kila moja kwenye diski yake. Ndiyo alitaka kunieleza.

Nimeirudisha. Kadi haiipokei hivihivi. Inaijenga upya, na ili ijenge lazima isome zilizobaki zote, pamoja na hiyo mahututi; ikifa kabla haijamaliza, kwaheri picha zote. Asilimia kumi na moja. Kumi na mbili. Nimejaribu kufungua picha za shangazi, kijiduara kinazunguka tu.

Mkuu kapita na kikombe chake. Kaona nyekundu, kauliza ndiyo kawaida? Nikasema ndiyo. Mjinga kaniamini.

Mama Stika karudi kuchukua diski mbovu. Nimemwonyesha mikono mitupu. Katazama taa, kanitazama mimi. Nilisubiri anitukane. Mimi ningemtukana! Kavuta kiti, kakaa, kaniuliza: za shangazi yako zimo humu?

Zimo.

Katoa karatasi yake ya stika. Kasema nimsomee namba ya ile niliyochomoa. Nimemsomea kutoka kwenye skrini. Kaandika pole pole, kaibandika kwenye uso wa diski hapo ilipo, kaibonyeza kwa kidole.

Simu inaita. Daktari. Nimeigeuza kifudifudi mezani, inaita tu.

Asilimia kumi na tisa. Mama Stika kashika kalamu, anaangalia skrini, hapepesi jicho.

Bado kumi na tisa.